Kokwa ya shea: Kemia ya mafuta ya jadi yanayojulikana pande zote mbili za mpaka wa Malaba na Busia

KWA vizazi vingi, mti mmoja wa porini umewalisha, umewapaka na umewatibu wakazi wa kaskazini na mashariki mwa Uganda. Waiteso huuita ekungur. Walango na Waacholi huyaita mafuta yake moo yaa. Katika biashara ya kimataifa hujulikana kama mti wa shea, na wataalamu wa mimea wameupa jina Vitellaria paradoxa.

Tunda lake ni la kijani, dogo kiasi cha kushikika mkononi, lenye nyama tamu inayoliwa. Ndani yake mna kokwa yenye ganda la kahawia linalong'aa, na ndani ya ganda hilo mna kiini chenye mafuta. Kiini hicho ndicho kinachowavutia wapishi, watengenezaji wa vipodozi, waganga wa kienyeji na, kwa miongo ya hivi karibuni, wanakemia.

Upande wa Kenya habari za mafuta haya si ngeni. Malaba iko Teso Kaskazini, Kaunti ya Busia, na Waiteso wa Malaba, Amagoro na Amukura ni ndugu wa damu wa Waiteso wa Tororo, Kumi, Soroti na Katakwi. Kilichowatenganisha ni uamuzi wa wakoloni wa Uingereza wa mwaka 1902, walipoukata Mkoa wa Mashariki wa Uganda na kuutia katika himaya iliyokuja kuwa Kenya. Mpaka uligawa utawala, bali lugha, ndoa na dawa za jadi ziliendelea kuvuka.

Swali linalobaki ni hili: mafuta hayo yana nini hasa ndani yake, na ni kiasi gani cha sifa zake kinachothibitika maabarani?

ASILI YA MTI

Mti wa shea huota katika ukanda mrefu wa nyika, kuanzia Senegal upande wa magharibi hadi Uganda, Sudan Kusini na magharibi mwa Ethiopia. Wataalamu huugawa katika nasaba mbili. Ya kwanza huitwa paradoxa, na huota Afrika Magharibi. Ya pili huitwa nilotica, na ndiyo inayopatikana Uganda na nchi jirani za bonde la Mto Nile.

Sifa zake ziliandikwa zamani. Msafiri Ibn Battuta, yule yule aliyezuru Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alifika himaya ya Mali kuanzia mwaka 1352 na kueleza tunda ambalo mafuta yake yalitumika kupikia, kuwashia taa na kujipaka mwilini. Mwishoni mwa karne ya 18 mpelelezi Mungo Park kutoka Scotland naye aliukuta mti huo Afrika Magharibi, hata kwa muda mrefu vitabu vya botania viliuita kwa jina linalomkumbuka yeye.

Mti huu hukua polepole mno. Kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20 kabla ya kuzaa, na unaweza kuishi zaidi ya miaka 200. Ni nadra watu kuupanda. Wakulima huuacha shambani wanapofyeka, wakapanda mtama, wimbi au ufuta chini yake. Kwa hiyo mti anaookotea kokwa mwanamke wa leo huenda uliachwa na babu wa babu yake.

YALIYOMO NDANI YA KOKWA

Kiini kilichokaushwa huwa na mafuta kati ya asilimia 40 na 60 ya uzito wake. Mafuta hayo hujengwa zaidi na asidi mbili za mafuta: asidi ya oleiki, ambayo pia ndiyo iliyo nyingi katika mafuta ya zeituni, na asidi ya steariki, ambayo huyafanya mafuta yagande. Asidi ya linoleiki na ya palmitiki zimo kwa kiasi kidogo.

Hapa ndipo nasaba mbili zinapotofautiana. Katika shea ya Afrika Magharibi, asidi ya oleiki na ya steariki hukaribiana kwa wingi, na mafuta yake huwa magumu kama siagi. Katika shea ya Uganda asidi ya oleiki hupita nusu ya mafuta yote na mara nyingi hukaribia asilimia 60, ilhali steariki hubaki karibu asilimia 30. Ndiyo sababu mafuta ya Uganda huwa laini, na katika joto la mchana la Busia huweza kuwa maji kabisa ndani ya chupa.

Tofauti hiyo ina maana ya kibiashara. Viwanda vya chokoleti hutafuta mafuta yenye steariki nyingi. Umoja wa Ulaya, kwa sheria yake ya mwaka 2000, huruhusu chokoleti iwe na hadi asilimia 5 ya mafuta ya mimea yasiyo ya kakao, na shea ni miongoni mwa aina sita zilizotajwa. Mahitaji hayo huifaa zaidi Afrika Magharibi. Shea laini ya Uganda hufaa zaidi kwa upishi na kwa mafuta ya ngozi na nywele.

Mbali na asidi hizo, mafuta ya shea yana sehemu isiyogeuka sabuni hata yakichemshwa kwa magadi makali. Katika mafuta mengi ya kupikia sehemu hiyo haifiki asilimia 2. Katika shea huweza kufika asilimia 5 hadi 10, na wakati mwingine kupita hapo. Humo ndimo mlimo sehemu kubwa ya viambato vinavyohusishwa na tiba.

Kundi la kwanza ni triterpeni, zikiwemo alfa-amirini, lupeoli na butirospermoli, ambazo nyingi zimefungamana na asidi ya sinamiki. Kundi la pili ni tokoferoli, yaani jamii ya vitamini E, ambazo huyakinga mafuta yasichache. Kundi la tatu ni fenoli, zilizo nyingi zaidi ndani ya kiini chenyewe. Utafiti wa Steven Maranz na wenzake, uliochapishwa mwaka 2003, ulitambua fenoli 10 katika viini vya shea. Nane kati yake zilikuwa za jamii ya katekini, ambayo hupatikana pia katika majani ya chai, na asidi ya galiki ndiyo iliyoongoza kwa wingi.

JINSI VIPIMO VINAVYOFANYWA

Uchambuzi wa kokwa huanza kabla ya maabara. Mchunguzi huandika mahali kokwa zilipookotwa, msimu, na namna zilivyokaushwa. Sampuli isiyo na kumbukumbu hizo haina thamani kubwa, kwa kuwa matokeo hubadilika kulingana na eneo na matayarisho.

Viini hukaushwa, husagwa na kupimwa uzito. Unga huoshwa mara nyingi kwa kiyeyushi kama heksani, ambacho hubeba mafuta na kuacha makapi. Kiyeyushi kikifukizwa, mafuta hubaki peke yake na hupimwa. Hapo hujulikana kokwa ina mafuta kiasi gani.

Kipimo cha pili ni cha asidi huru. Mkemia huyeyusha mafuta katika alkoholi na kudondoshea potasiamu haidroksaidi hadi rangi ya kiashirio igeuke. Matone yakiwa mengi, ni dalili kwamba mafuta yamevunjika. Mara nyingi chanzo huwa kokwa zilizokaa na unyevu, ambapo vimeng'enya vya mbegu huanza kuyala mafuta yenyewe. Kuchemsha au kukausha kokwa mapema huua vimeng'enya hivyo. Kwa hiyo desturi ya akina mama ya kuchemsha kokwa mara tu baada ya kuzimenya ina msingi wa kisayansi.

Kipimo cha tatu ni cha peroksaidi, kinachoonyesha jinsi hewa ilivyoanza kuyachachisha mafuta. Kisha huja kromatografia ya gesi, mtambo unaozitenganisha asidi za mafuta moja moja na kuonyesha asilimia ya kila moja. Kwa fenoli na tokoferoli hutumika kromatografia ya kimiminika, na kwa triterpeni huongezwa spektrometa inayopima uzito wa molekuli.

Uganda ina historia yake katika kazi hii. Mwaka 2010, J.B.L. Okullo wa Chuo Kikuu cha Makerere na wenzake walichapisha vipimo vya mafuta ya shea kutoka wilaya mbalimbali zinazozalisha kokwa nchini humo. Taasisi ya serikali inayochunguza dawa za asili mjini Kampala imekuwapo tangu miaka ya 1960. Nchini Kenya, Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu (KEMRI) ina kituo cha kuchunguza dawa za jadi.

KIINI SI MAFUTA

Kosa moja hujirudia katika matangazo ya biashara: sifa za kiini huhamishiwa kwenye mafuta. Fenoli huyeyuka katika maji kuliko katika mafuta. Katika utengenezaji wa kienyeji viini hukaangwa, husagwa, huchanganywa na maji na kuchemshwa hadi mafuta yaelee. Sehemu kubwa ya fenoli hubaki katika maji na makapi yanayomwagwa. Kwa hiyo utafiti uliofanywa juu ya kiini kizima hauwezi kuwa ushahidi wa nguvu ya mafuta yaliyomo chupani.

Kinyume chake pia ni kweli. Kula viini vibichi kwa wingi kwa kudhani ni dawa si busara, kwa kuwa vina tanini na saponini, ambazo huzuia mwili kufaidi chakula. Wafugaji wanajua kwamba makapi ya shea hayafai kuwa lishe kuu ya mifugo kwa sababu hiyo hiyo.

Moto nao una hesabu yake. Kukaanga viini hurahisisha kutoa mafuta na kuyapa harufu inayopendwa. Lakini moshi wa kuni ukivigusa moja kwa moja, huacha kemikali za masizi, na baadhi yake, kama benzopireni, husababisha saratani. Nchi za Ulaya huweka kikomo cha kemikali hizo katika mafuta ya kula. Kukausha juani na kukaangia katika chombo kilichofunikwa hupunguza hatari hiyo.

Viwanda vikubwa husafisha mafuta kwa joto kali ili kuondoa rangi na harufu. Mafuta hayo huwa meupe na hukaa muda mrefu, lakini hupoteza sehemu ya vitamini E.

MADAI YA TIBA

Matumizi ya jadi ni mengi: ngozi iliyopasuka, michubuko, kukandia viungo vinavyouma, kupaka watoto wachanga na kulainisha nywele. Ushahidi wa maabara unayaunga mkono baadhi yake, lakini si yote kwa uzito mmoja.

Kulainisha ngozi hakuna shaka. Asidi za mafuta hutanda juu ya ngozi na kuzuia maji yasipotee. Kuhusu uvimbe, watafiti wa Japani wakiongozwa na Toshihiro Akihisa walichapisha mwaka 2010 matokeo yaliyoonyesha kwamba triterpeni za shea zilipunguza uvimbe katika panya. Ni dalili njema, lakini panya si binadamu, na viambato vilivyotengwa maabarani si sawa na mafuta yanayopimwa kwa kijiko. Huko Nigeria, jaribio dogo la mwaka 1979 lilionyesha kwamba mafuta ya shea yakipakwa puani husaidia kuzibua pua. Majaribio ya aina hiyo kwa watu ni machache, na mengi ni madogo.

Dai la kukinga jua linahitaji tahadhari zaidi. Ni kweli kwamba viambato vyenye asidi ya sinamiki hufyonza sehemu ya miale ya jua. Hata hivyo, kinga hiyo ni hafifu. Kwa watu wenye ulemavu wa ngozi, ambao hatari ya saratani huwaandama kila siku, mafuta ya shea hayawezi kuchukua nafasi ya losheni maalumu ya kukinga jua, kofia na nguo za mikono mirefu.

Vivyo hivyo kwa kitovu cha mtoto mchanga. Katika baadhi ya jamii za Afrika, zikiwemo za kaskazini mwa Ghana, shea hupakwa kitovuni. Shirika la Afya Duniani hupendekeza kitovu kiachwe kikavu na kisafi, au kipakwe dawa ya klorheksidini pale inaposhauriwa.

Busia ina sababu yake ya kulizingatia jambo hili. Alupe, kati ya mji wa Busia na Malaba, ilijulikana kwa miaka mingi kwa matibabu ya wenye ukoma, na KEMRI iliweka huko kituo cha utafiti wa ukoma na magonjwa ya ngozi. Ukoma huanza mara nyingi kwa baka lililofifia, lisilowasha wala kuuma, na lisilohisi mguso. Mtu anayelipaka mafuta baka la namna hiyo kwa miezi kadhaa halidhuru kwa mafuta, bali huupoteza wakati ambao mishipa yake ya fahamu ingeokolewa. Ukoma hutibika kwa mchanganyiko wa dawa ambao tangu mwaka 1995 hutolewa bila malipo duniani kote. Baka lisilo na hisia, kidonda kisichopona au kidoa kinachobadilika ni vya kupelekwa hospitalini kwanza.

KUTAMBUA MAFUTA YALIYOCHANGANYWA

Mafuta yakipanda bei, hila nazo hufuata. Kwa macho na pua ni vigumu kutofautisha shea safi na ile iliyoongezwa mafuta mengine, hasa kwa kuwa shea ya Uganda yenyewe ni laini. Kemia hutoa jibu kwa hesabu nyepesi.

Asidi ya palmitiki katika shea huwa kama asilimia 4 tu, lakini katika mawese hukaribia asilimia 44. Tofauti ni 40. Sampuli ikionyesha palmitiki ya asilimia 14, imezidi kwa 10, ambayo ni robo ya 40. Maana yake, takriban robo ya chupa hiyo ni mawese. Mafuta ya alizeti ya kawaida nayo hujifichua kwa wingi wa asidi ya linoleiki. Mafuta ya mgando yatokanayo na petroli hayageuki sabuni, hivyo huipandisha ghafla ile sehemu isiyogeuka sabuni.

Tume ya Codex Alimentarius, inayoendeshwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na afya, ilipitisha mwaka 2017 kiwango cha Afrika cha mafuta ya shea yasiyosafishwa kiwandani. Kiwango hicho hutaja mipaka ya asidi huru, peroksaidi, unyevu na takataka, na huyagawa mafuta katika madaraja.

MPAKANI

Kituo cha pamoja cha forodha cha Busia kilizinduliwa rasmi tarehe 24 Februari 2018 na marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni. Malaba nako, ambako reli na malori mengi hupitia, ukaguzi huendeshwa kwa utaratibu huo huo wa kusimama mara moja. Wafanyabiashara wadogo, wengi wao wanawake, wana utaratibu rahisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki: bidhaa zilizomo katika orodha iliyokubaliwa, zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, huvuka kwa cheti chepesi cha asili.

Cheti hicho huthibitisha bidhaa ilikotoka. Hakithibitishi kilichomo chupani. Chini ya sheria ya Jumuiya ya mwaka 2006 kuhusu viwango, bidhaa yenye alama ya ubora ya Uganda hutambuliwa na Shirika la Ubora wa Bidhaa Kenya (KEBS), na ya Kenya hutambuliwa Uganda. Lakini alama hugharimu pesa, na mwanamke mwenye madumu mawili hawezi kuigharimia peke yake. Wanaojiunga katika vikundi huweza kugawana gharama ya kipimo kimoja kwa shehena nzima, mradi kokwa zao zitayarishwe kwa namna moja.

MTI UNAOGEUKA MAKAA

Tishio kubwa kwa haya yote si mafuta ya magendo, bali ni shoka. Mti wa shea ni mgumu na hutoa makaa mazito yanayowaka muda mrefu. Tangu mwaka 1998 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, limeuorodhesha miongoni mwa miti iliyo hatarini.

Soko la makaa hayo liko pande zote mbili za mpaka. Kenya ilipositisha ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii mnamo Februari 2018, kiu ya makaa mijini haikuzimika, na makaa ya Uganda yalizidi kutafutwa. Mei 2023 Rais Museveni alitoa amri ya kupiga marufuku makaa ya biashara kaskazini mwa nchi yake. Julai mwaka huo huo Rais William Ruto aliondoa amri ya Kenya ya kusitisha ukataji miti.

Hesabu ya mti huu ni ya wazi. Ukikatwa, hutoa magunia machache ya makaa, mara moja. Ukiachwa, huzaa kwa zaidi ya karne moja, na anayepanda mwingine leo atangoja miaka 15 au zaidi aone tunda la kwanza. Kila chupa ya mafuta safi inayopata bei nzuri Malaba au Busia ni sababu moja zaidi ya mkulima wa Katakwi au Otuke kuliweka shoka chini. Bei hiyo nayo hutegemea mnunuzi kuwa na hakika ya anachonunua, na hakika hiyo hutoka maabarani.